Sitawaua Ndumakuwili

Kikoneni, Kwale
Jumapili, baada ya adhuhuri

Mama yangu,

Assalamu alaikum. Nakushika miguu yote miwili, na ule wa kushoto wenye uvimbe naushika polepole. Je, ile dawa ya kuchua niliyokupelekea kwa mkono wa Bwana Aboud imekufikia, au amejichua mwenyewe njiani? Macho yako je? Na maji ya kisimani yamepungua chumvi? Mimi huku ni mzima wa afya, nala, nalala, na kazi yangu naifanya. Hili nalitanguliza kwa sababu najua umeambiwa vingine.

Rukia, binti wa dada yangu, wewe unayemsomea bibi yako, soma yote. Ukifika mahali pa kuona haya, usiruke. Mjomba akiingia katikati, mpe kiti akae asikilize, kisha endelea.

Mama, simu imetushinda. Mara tatu nimepiga, na mara tatu Mjomba Athmani ameichukua mkononi mwako kabla sijamaliza salamu, akaniambia maneno yale yale: "Funga virago urudi Faza. Umetuaibisha. Tumesikia unafuga nyoka wa vichwa viwili." Nikianza kueleza, anakata. Basi nimeona niandike, karatasi haina kitufe cha kukata. Haya ndiyo yaliyotokea, na mimi ndiye niyajuaye, maana ni mimi yaliyonipata.

Unajua kwamba marehemu Bakari alipofariki sikutaka kubaki Ramisi. Yeye ndiye aliyekuwa mkata miwa, mimi sikuwa na la kunishikilia kule ila kaburi. Nikapanda huku Kikoneni, nikapangishwa kipande cha shamba na Bi Mejumaa. Huyu ni mwanamke mtu mzima, mjane kama mimi, Mdigo wa hapa hapa, hana mtoto, na ulimi wake hauna breki. Kwenye kipande hicho nikaanzisha kitalu cha miche: mikorosho, michungwa, mipapai. Nimekiezeka kivuli cha makuti, na nyuma yake nimerundika mboji ya samadi, majani na maganda ya mihogo. Udongo wangu, Mama, ni mweusi na laini, ukitia mkono unazama mpaka kiwikoni. Watu walikuwa wakitoka mpaka Lunga Lunga kuja kununua miche yangu.

Humo kwenye mboji ndimo nilimoanza kuwaona ndumakuwili. Siku ya kwanza nilipiga kelele na kuruka juu ya ndoo, sikufichi. Alikuwa na urefu wa shubiri na kidole, unene wa kalamu, mweusi wa kung'aa kama aliyepakwa mafuta, na tumbo jeupe. Hana miguu hata dalili. Kichwa chake ni butu na mkia wake ni butu vile vile, ukimtazama haraka hujui kipi ni kipi. Ndiyo maana watu wakasema ana vichwa viwili. Nikamwita Bi Mejumaa aje na panga. Alikuja mikono mitupu, akainama, akacheka.

"Wewe Khadija, kwenu hakuna hawa?"

"Kwetu nyoka tunawaua."

"Basi nyoka ukimwona umuue. Huyu muache. Mama yangu alikuwa akiwakuta hapa akilima. Huja udongo ukipendeza."

Tangu siku hiyo nikawazoea. Wako wa namna mbili. Yuko huyo mweusi mwenye vijicho vidogo kama chembe za ufuta, na yuko mwingine wa rangi ya waridi, hana macho kabisa, utadhani chambo cha kuvulia samaki mpaka umshike usikie magamba. Wote kazi yao ni kula mchwa na mabuu, ndio wale wale waliokuwa wakinikatia miche mizizi mwaka wa kwanza. Siku moja nilimkata mmoja mkia kwa jembe bila kukusudia. Mkia ukabaki unarukaruka peke yake na mwenyewe akajichimbia akaenda zake, kama wafanyavyo mijusi wa ukutani. Siku nyingine nikamkuta jike na watoto wawili wembamba kama nyuzi za ukili, hakuna hata ganda la yai. Na siku moja nilipokuwa nikimwagilia, tone la maji lilimwangukia mmoja usoni. Akafumba jicho, akalifumbua. Nilikaa pale nikimtazama mpaka maji yakafurika kwenye mfuko wa mche. Nyoka nimewaona wengi, Mama. Sijapata kumwona nyoka anayefumba jicho.

Sasa sikiliza fitina ilivyoanza.

Yuko mtu hapa anaitwa Hamadi, mtoto wa ndugu wa mume wa Bi Mejumaa. Tangu ami yake afariki anakitaka hiki kipande nilichopangishwa. Amemwomba Bi Mejumaa kwa wema, amemwomba kwa ukali, amenyimwa. Hata hivyo mimi naye tulikuwa tukiamkiana. Mwanzo wa vuli akaja kununua michungwa, nikamchagulia iliyo mizuri.

Alipokuwa akiipanda kwake, akachana mfuko mmoja, udongo ukamwagika, na ndumakuwili akatoka nao. Hamadi akapiga ukelele uliosikika mpaka barabarani, akaanza kupigapiga chini kwa jembe. Mkewe, Mwanamisi, alikuwa mjamzito wa miezi saba, yuko njiani anatoka kuteka maji. Akakimbia kuja kutazama kuna nini, akaanguka na ndoo yake. Jioni ile uchungu ukamshika, akapelekwa Msambweni, akajifungua mtoto wa kike kabla ya siku zake. Bi Mejumaa aliyekwenda kumwona alisema mtoto alikuwa wa kuenea ndani ya kofia. Alhamdulillahi, aliishi.

Lakini mtoto akiwa bado hospitalini, maneno yalikwishatembea. Kwamba mgeni wa Lamu anatia nyoka wa vichwa viwili kwenye miche. Kwamba kichwa kimoja humtazama mwenye nyumba na cha pili hunirudishia habari mimi. Kwamba mume wangu sikumzika, nilimfuga. Mama, hilo la Bakari liliniuma kuliko yote. Nikienda kisimani, wanawake wanavuta ndoo zao kando. Mmoja niliyempa mipapai bure aliirudisha, akaitupa mlangoni pangu, mizizi juu. Siku moja nikasikia neno lenyewe likitamkwa nyuma yangu: mtsai. Ndivyo wanavyomwita mchawi huku. Na wewe unajua, huku mtu akishaitwa hivyo, haulizwi tena. Huchomewa nyumba, au hukutwa njiani amekufa.

Niliogopa. Mwambie Mjomba kwamba niliogopa, asidhani mimi ni kichaa. Siku mbili nililala kwa Bi Mejumaa. Siku ya tatu nikarudi kwangu, kwa sababu niliona nikizidi kujificha nitazoea.

Ijumaa moja tulikwenda Msambweni, mimi na Bi Mejumaa, kumwona Mwanamisi na mtoto. Wifi yake alitusimamisha mlangoni mwa wodi, akatandaza mikono kama anayezuia kuku. "Wewe huingii. Umekuja kummalizia?" Nikamwachia Bi Mejumaa kikapu cha ndizi na maziwa, nikakaa nje kwenye ukingo wa sementi mpaka alipotoka.

Tuliporudi nikasikia harufu kabla sijafika. Watu walikuwa wamemwaga dizeli kitaluni mwangu. Wamemwaga kwenye matuta, kwenye mifuko, na lile lundo la mboji wamelichimbua ili dizeli ishuke mpaka chini. Minyoo ilikuwa imetoka juu yote. Na ndumakuwili, Mama. Sikujua kama walikuwa wengi kiasi kile. Wengine walikuwa bado wanajaribu kupenyeza vichwa kwenye udongo uliokuwa ukiwachoma, wanarudi juu, wanapenyeza tena. Nikaokota walio hai nikawatia kwenye karai la udongo safi kutoka upande wa pili wa ua. Waliobaki hai walikuwa wanne. Kisha nikakaa chini nikalia kwa sauti, kilio ambacho hata Bakari sikumlilia hivyo, kwa kuwa siku ile ya Bakari nilikuwa na watu wa kunishika.

Bi Mejumaa hakuninyamazisha. Alikaa kando yangu akang'oa makuti yaliyolowa. Mwishowe akasema, "Lia sana leo, maana wakituita usije ukanililia mbele yao."

Tukaitwa wiki ya tatu baada ya dizeli ile. Mzee wa kijiji, Mzee Rashidi, aliitisha baraza kwenye chumba cha chekechea, kwa kuwa kulikuwa na mvua. Mama, ungaliwaona! Wazee wazima, makofia yao na mikongojo yao, wamekaa kwenye viti vya watoto, magoti yanagusa ndevu. Ukutani pamechorwa bata na herufi. Nami nikasimama mbele yao kama mwanafunzi aliyechelewa, nimejitwika karai.

Hamadi akasema yake. Alisema vizuri, mdomo anao. Alieleza nyoka, ukelele, kuanguka, mtoto. Akamalizia: "Mimi simtakii ubaya. Aondoke tu. Shamba litarudi kwa wenyewe."

Bi Mejumaa akadakia kutoka nyuma, "Umesikia, Mzee Rashidi? Amefika alikokuwa akienda."

"Mejumaa, ngoja zamu yako," akasema Mzee. Kisha akanigeukia mimi, kwa upole. Upole wake ndio ulionitia hasira. "Binti, wewe ni mgeni wetu. Sisi hatutaki damu hapa. Heshima yako ni kuondoka kwa amani kabla ya mwezi mtukufu. Wasemaje?"

Nikatua karai katikati ya chumba. Nikaingiza mkono. Viti vidogo vilivyolia pale! Watu walirudi nyuma mpaka ukutani. Nikamtoa mmoja wa wale weusi, nikamlaza kwenye kiganja.

"Mzee Rashidi, wewe umechunga mbuzi miaka mingi huko porini. Nyoka ana kope?"

Akajibu, "Nyoka hana kope. Nyoka hafumbi jicho."

"Njoo umtazame huyu."

Hakuja. Hakuna aliyekuja. Nikachovya kidole kwenye chupa ya maji, nikamdondoshea tone kichwani. Akafumba. Akafumbua. Nikarudia. Waliokuwa karibu waliona, nikawasikia wakivuta pumzi. Nikasema, "Huyu ni mjusi aliyekosa miguu. Kichwa anacho kimoja tu, upande wa pili ni mkia. Hana sumu, na mtu hamng'ati. Mliwamwagia dizeli wakafa kwenye udongo wao. Nani kati yenu ananiambia walikosa nini?"

Sauti ikatoka pembeni: "Mazingaombwe!" Na nyingine: "Amemfundisha!" Nikaona watu wanaanza kuniponyoka. Yule mjusi alikuwa ananipenya katikati ya vidole akitafuta pa kuchimba.

Hapo ndipo Mwanamisi aliposema. Sikujua hata kama yumo. Alikuwa amesimama mlangoni, mtoto amemfunga kifuani kwa kanga, wametoka hospitalini siku mbili nyuma.

"Mimi ndiye niliyeanguka," akasema. "Mbona hakuna aliyeniuliza?"

Hamadi akasema, "Mwanamisi, rudi nyumbani, wewe ni mgonjwa."

"Nilikuwa mgonjwa siku ile. Nilikwambia kichwa kinanizunguka tangu jana yake. Ile ilikuwa ndoo ya tano. Ukaniambia michungwa haisubiri." Hakupaza sauti, Mama. Alisema kama anayesoma. "Sikuona nyoka wala mjusi. Nilianguka kwa sababu nilikuwa nimechoka, na kwa sababu ulipiga kelele kama uliyechinjwa. Nimekaa hospitalini siku zote hizo nikisikia watu wakileta jina la mtu, na mimi nimenyamaza, na dhambi hiyo ni yangu. Leo sinyamazi."

Akapita katikati ya vile viti, akaja mpaka nilipo, akatandaza kiganja. "Nipe."

Nikamtazama mtoto. Akasema, "Nipe, dada." Nikampa. Mjusi akamtambalia kiganjani, akaanza kusukuma kichwa kwenye maungio ya vidole, na Mwanamisi akashtuka, kisha akacheka. "Anatekenya huyu!" Wanawake wawili waliokuwa mlangoni wakasogea. Kisha wa tatu.

Usidhani mambo yaliishia hapo kwa vigelegele. Hamadi alitoka bila kuaga. Wazee wakanong'onezana, kisha Mzee Rashidi akasema baraza limeona kuwa sina kosa la kufukuzwa. Lakini, akasema, ili nyoyo za watu zitulie, kuna sharti moja dogo. "Baki. Lakini kila utakayemwona katika hao, umuue. Na hawa wanne uwaue hapa hapa, sote tushuhudie. Yaishe."

Mama, ilikuwa njia nyepesi. Mijusi wanne tu. Hata Bi Mejumaa alinitazama kama anayesema, fanya, twende zetu. Nami nilikuwa nimechoka, na nilitaka kulala usingizi bila kusikiliza nyayo nje. Nikatazama lile karai. Nikajiona nimeinua kisigino mbele ya watu wale, nashuka nacho, na wao wanatikisa vichwa kwa kuridhika.

Nikasema, "Hapana, Mzee wangu."

"Kwa wadudu wanne, binti?"

"Nikiwaua hapa, nitakuwa nimekubali kwamba walikuwa uchawi, na mimi ni mchawi aliyetubu. Sikufanya kosa, kwa hiyo sina cha kutubia. Nitabaki, na wao watabaki. Atakayeona vibaya asinunue miche yangu."

Nikajitwika karai langu, nikatoka na mvua ikinyesha.

Basi nimelipa, sikufichi. Mzee Rashidi hajaniandikia barua niliyomwomba ya kunitambulisha kwa kikundi cha kina mama, na wateja wa hapa karibu wengi wamenisusa. Miche sasa naipeleka mwenyewe sokoni Lunga Lunga, ambako hakuna anayeuliza habari za mjusi, huuliza tu kama mche utashika. Nusu ya udongo wangu umekufa. Nimeutoa wote kwa toroli, nimeanza mboji upya, na mikono imeota sugu kama ya baba alipokuwa akivuta wavu wa jarife. Hamadi alikwenda kwa Bi Mejumaa kumtaka avunje mapatano yangu. Jumatatu iliyofuata yule bibi akanishika mkono mpaka ofisi ya chifu, akaweka dole gumba kwenye karatasi mpya ya miaka kumi. Karani akamwuliza kama amefikiri vizuri. Akamjibu, "Mimi nina umri wa kumzaa babako, nifikiri nini tena?"

Na Mwanamisi yuko nami. Alirudi kwao kwa muda, kisha akaja kuniomba kazi. Asubuhi hujaza mifuko, mtoto amelala kivulini kwenye pakacha. Amenenepa, mashavu hayo! Hamadi hupita barabarani akatutazama. Sijui yatakwisha vipi baina yao, na si langu kusema.

Sasa nimjibu Mjomba. Mjomba Athmani, shikamoo. Nimesikia umenitafutia mume Kizingitini, mtu mzima, mstaarabu, ana nyumba ya mawe. Mshukuru, umwambie nimeshughulika. Umesema nimewaaibisha. Aibu ingekuwa kama ningerudi huko mbio, na kila mtu hapa akasema, mwaona, alikuwa mchawi, ametoroka. Kule kwetu mtu wa nyuso mbili huitwa ndumakuwili. Mimi huku watu wa nyuso mbili nimewaona, na hakuna hata mmoja aliyetoka kwenye udongo wangu. Nakuheshimu kama baba. Lakini sirudi.

Mama, wewe usilie. Uliponiruhusu kuondoka ulisema unanijua nilivyo mkaidi, na kwamba siku moja ukaidi wangu utaniponza. Umeniponza kweli, na ndio pia ulioniokoa. Nipe radhi zako tu.

Nisalimie dada yangu mkubwa, mwambie mbegu za bamia nimezitia kwenye bahasha hii. Nisalimie shemeji aliye baharini, na mama mdogo wa nyumba ya pili, na mwalimu wa chuo cha Kurani aliyenifundisha kuandika, mwambie hati yangu bado ni mbaya. Rukia, wewe nakubusu kwenye paji la uso, umesoma vizuri.

Na mtu yeyote hapo Faza akikuuliza kama ni kweli mwanao amekuwa mchawi, usigombane naye. Mwambie aje Kikoneni aone mwenyewe. Nitampa kitanda, nitampa chakula, na asubuhi nitampa jembe.

Mimi mwanao, asiyehama,

Khadija